Usizichanganye

 

Jioni hii nazungumzia taka. Najua neno hilo likitajwa redioni, wengi hutega sikio wasikie faini imefika shilingi ngapi. Sina faini ya kutangaza. Nina jambo moja linalonikera, na nalisema mapema ili hata mwenye haraka aondoke nalo: balaa la taka zetu linaanza pale tunapozichanganya.

Hebu chungulia kiroba cha taka kilichoegemezwa nyuma ya nyumba yako. Kina maganda ya ndizi na ya mihogo, ugali uliolala, majivu ya jikoni, chupa za maji, pampasi za mtoto, betri mbili za tochi, wembe, taa iliyoungua, na pengine kikopo cha dawa ya kupulizia mchicha. Kila kimoja kikikaa peke yake kina njia yake. Maganda ni mbolea au chakula cha mbuzi. Chupa ina mnunuzi anayeipima kwa kilo. Betri na kikopo cha dawa ni vichache mno, vinaenea kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko. Ukivitia vyote pamoja, ugali unaichafua chupa na mnunuzi anaikataa, betri inaiharibu mbolea na mkulima anaikataa, wembe unamkata mkono kijana wa guta. Kilichobaki ni mzigo ambao hakuna anayeutaka, na mzigo usiotakiwa na mtu huishia korongoni au kwenye moto.

Watu wa Korogwe wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa hapa tumeishi na mkonge.

Mkonge si mmea wa kwetu. Aliyeuleta ni Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyofuata reli kutoka pwani hadi huku: Hale, Magunga, Ngombezi, Mwelya, Magoma. Wasikilizaji wengi wanaonisikia ni watoto na wajukuu wa watu waliofika hapa kukata majani ya mkonge, wakapewa chumba kambini, wakazaa, wakazikwa hapa.

Sasa fikiria kazi ya korona, ile mashine ya kukamua mkonge. Katika kila kilo 100 za majani zinazoingia, singa zinazotoka kwenda kuanikwa ni kilo nne hivi. Kilo nyingine zote ni nyama ya jani, gome na maji, nazo ni taka. Kwa miaka mingi taka hiyo ilisukumwa na maji kupitia mfereji, ikaenda kulundikana bondeni au ikaingia mtoni. Aliyekulia kambini anaijua harufu yake bila kuelezwa. Maji yale ni machachu. Yakiingia mtoni, vijidudu vinavyoozesha makapi huitumia hewa iliyomo ndani ya maji, samaki wakakosa pumzi. Mto wenyewe ni Pangani, uletao maji ya Kilimanjaro na Meru kupitia Nyumba ya Mungu, ukapita hapa kwetu na kushuka Hale hadi baharini. Tulichokitupa Korogwe kilifika mezani kwa mvuvi wa Pangani mjini.

Kisha, mwaka 2008, pale Hale kukazinduliwa mtambo wa kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi, na gesi kuwa umeme. Ulikuwa mradi wa kampuni ya Katani ukisaidiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa. Ulianza na jenereta ya kilowati 150. Makapi yalitiwa kwenye tangi lisilopitisha hewa, vijidudu vikayala na kutoa gesi, gesi ikazungusha injini, na uji uliobaki ukarudi shambani kuwa mbolea. Taka iliyoua samaki ikawa inawasha taa.

Kwa nini iliwezekana? Ufundi ulikuwapo, na fedha za wafadhili zilikuwapo. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haitajwi sana kwenye hotuba za uzinduzi: makapi ya korona ni ya aina moja. Hayana mfuko wa nailoni ndani yake, hayana betri, hayana chupa iliyovunjika. Yanatoka mlango mmoja, mahali pamoja, kila siku ya kazi. Kama yangekuwa yamechanganyika kama yale ya kiroba chako, hakuna mhandisi ambaye angeyatia kwenye tangi. Mtambo ule ulikuwa mmoja na wa majaribio, na mashamba ni mengi. Sitaki mtu adhani kwamba mkonge wote wa Tanga sasa unatoa umeme. Ila somo lipo palepale Hale, si mbali na hapa, na nashangaa tunavyolipita kwa basi bila kulipeleka sokoni.

Maana soko letu nalo ni korona. Asubuhi yanaingia machungwa, mahindi mabichi, ndizi, kabichi na karoti zilizoshuka kutoka Lushoto. Jioni yanabaki maganda, magunzi, majani ya nje ya kabichi, nyanya zilizopondeka. Katika miji ya Tanzania, zaidi ya nusu ya taka ni vitu vya namna hii, vinavyooza. Ni vizito kwa sababu vimejaa maji. Lori linapotoka sokoni kwenda dampo, sehemu kubwa ya dizeli inayoungua inabeba maji yaliyomo kwenye maganda, na dizeli hiyo inalipwa kwa ushuru wa mama muuza nyanya.

Mama huyo akipewa mapipa mawili, moja la vinavyooza na jingine la vilivyobaki, kazi yake haiongezeki hata dakika moja. Anatupa vilevile, ila anatupa mahali pawili. Cha kuoza kinalundikwa kwenye kiwanja cha jirani, kinachanganywa na majani makavu na samadi, kinageuzwa kwa uma na kumwagiwa maji kidogo, na baada ya miezi miwili au mitatu kinakuwa mboji. Wakulima wa mboga wa mabondeni kwetu wanainunua mbolea ya dukani kwa bei inayowaumiza. Sheria nayo iko wazi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa halmashauri wajibu wa kushughulikia taka ngumu na kuhimiza zitenganishwe pale zinapozalishwa. Miaka zaidi ya 20 imepita. Naiheshimu kazi ya halmashauri zetu na najua fungu lao ni dogo, ila mapipa mawili sokoni si mradi wa kusubiri mfadhili.

Niguse plastiki kidogo, kwa sababu nayo ina historia na mkonge wetu. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha tani zaidi ya 230,000 za mkonge. Kufikia miaka ya 1990 tulikuwa tumeporomoka hadi tani 20,000 hivi. Sababu zilikuwa kadhaa, na mojawapo kubwa ni kamba za plastiki, zile za polipropilini, zilizowateka wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifungia majani kwa kamba za mkonge. Bei ikaanguka, mashamba yakaota vichaka, kambi zikabaki na wazee. Plastiki iliyowanyang'anya baba zetu kazi ndiyo iliyokuja baadaye kuziba mitaro yetu.

Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo. Miaka miwili kabla yake, Machi 2017, vilikuwa vimepigwa marufuku viroba vya pombe. Naziunga mkono amri zote mbili kwa moyo wote. Anayekumbuka michongoma ilivyokuwa imevaa rambo nyeusi kandokando ya barabara kuu hawezi kusema hakuna kilichobadilika. Lakini tusijidanganye kuhusu mfuko mbadala tunaopewa dukani, ule laini unaofanana na kitambaa. Ule nao ni polipropilini. Hausokotwi kwa pamba wala kwa mkonge. Una nafuu moja tu, kwamba unaweza kutumika mara nyingi, na nafuu hiyo inapotea siku unapoutupa baada ya safari moja ya sokoni. Kikapu cha ukindu cha bibi yako bado kinauzwa. Kinunue.

Na wale vijana na kina mama wanaookota chupa stendi na kandokando ya barabara, abiria wa Arusha na Moshi wanapozirusha dirishani, tafadhali tuache kuwaita vichaa. Wanafanya kazi ambayo mji hauwalipi. Ukimwekea mmoja wao chupa zako kwenye mfuko wake, safi na kavu, umemwongezea kipato bila kutoa senti.

Wapo watakaoniambia: mzee, sisi tunazichoma taka, na zinaisha. Haziishi. Majani makavu yakichomwa yanaacha majivu na moshi unaowasha macho. Plastiki, hasa ile ya mabomba, viatu na nyaya, ikichomwa kwa moto hafifu wa uani inatoa sumu ziitwazo dayoksini, ambazo zinakaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Moshi huo anauvuta kwanza mtoto anayecheza hapo hapo uani, na majivu yake yanadonolewa na kuku.

Hapa, ndugu wasikilizaji, nataka nipunguze mwendo, kwa sababu nafika kwenye jambo zito kuliko yote ya jioni hii.

Miongoni mwa maeneo ya Tanzania yanayotajwa kuwa na udongo uliochafuliwa na akiba za zamani za dawa ya DDT, mojawapo ni hapa hapa kwetu, Old Korogwe. Kwa kijana asiyeijua, DDT ni dawa ya kuua wadudu. Mswisi Paul Müller aligundua nguvu yake mwaka 1939 na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Sitaitukana. Malaria imezika watoto wengi katika wilaya hizi, na DDT iliyopulizwa kwenye kuta iliua mbu na kuokoa watu duniani kote. Mji huu wenyewe una kituo cha utafiti wa magonjwa cha NIMR, na watoto wa Korogwe walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Tunajua vita ya malaria ni nini.

Tabu ya DDT ni kwamba haiozi upesi. Inakaa ardhini miaka na miaka, na ikibadilika inazaa sumu ndugu yake inayokaa vilevile. Inaingia kwenye mafuta ya mnyama, inapita kwenye maziwa ya mama. Kuku wa kienyeji akiparura udongo wenye DDT, anaipeleka kwenye yai. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, kuibana dawa hiyo pamoja na nyingine za aina yake, na kuiruhusu tu pale inapohitajika kupambana na wadudu waenezao magonjwa kama malaria.

Lakini mkataba hauondoi pipa lililoko ghalani. Barani Afrika kulikuwa na akiba zinazokadiriwa kufikia tani 50,000 za viuatilifu vilivyokwisha muda wake. Vingine viliagizwa kwa wingi kupita mahitaji, vingine vililetwa kama msaada vikiwa vimekaribia kuharibika. Mfano wetu unaojulikana zaidi ni wa Vikuge, Kibaha, ambako mwaka 1986 ilipokelewa shehena ya msaada kutoka Ugiriki, karibu tani 170, na ghala likaja kuporomoka juu yake. Pipa likishika kutu, dawa inamwagika. Mvua ya masika inaishusha chini. Na tangu hapo sumu haiko tena kwenye chombo. Imechanganyika na udongo.

Dawa ikiwa bado kwenye pipa, hata kama imeharibika, mtu anaweza kuihesabu, kuifunga na kuipeleka kwenye tanuru maalumu lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Ni ghali. Shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, lilikadiria gharama ya dola 3,000 na zaidi kwa tani moja, na mara nyingi mzigo ulilazimika kusafirishwa hadi Ulaya. Ila inawezekana. Ikishachanganyika na udongo, tani moja ya dawa imekuwa tani nyingi za udongo wenye sumu, na hakuna anayejua hasa mpaka wake uko wapi. Ungechimba hadi wapi? Ungeupeleka wapi? Ni kosa lilelile la kiroba nyuma ya nyumba, ila hili linavuka vizazi.

Na tusiwanyoshee kidole waliotangulia huku tukilirudia. Nenda kwenye mifereji ya skimu ya mpunga ya Mombo, nenda kwenye bustani za nyanya, utaona vikopo vya dawa vimetupwa mdomoni mwa mfereji. Nenda nyumbani kwa mkulima, utaona dumu la dawa limeoshwa na kutiwa mafuta ya taa, na la jirani yake limetiwa maji ya kunywa. Ndugu yangu mkulima, dumu la dawa halisafishiki likawa la chakula, hata ukilisugua kwa mchanga na sabuni. Dawa ikiisha, suuza kikopo mara tatu, na kila mara maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba lako uyapulizie shambani, kwa kuwa hiyo ni dawa uliyoilipia. Kisha kitoboe ili mtu asiweze kukitumia tena. Kiweke mbali na watoto hadi kitakapokusanywa.

Kitakusanywa na nani? Swali hilo ni halali, na jibu langu ni kwamba muuza pembejeo aliyekuuzia ana gari linaloleta mzigo mpya. Gari hilo linarudi tupu. Halmashauri ikiweka sharti kwamba kila duka la pembejeo liwe na pipa la kupokea vikopo vitupu, na kwamba leseni isihuishwe bila pipa hilo, tutakuwa tumetenganisha sumu na taka nyingine kabla haijafika mtoni. Ndivyo zahanati zinavyofanya na sindano: sindano iliyotumika inaingia kwenye boksi lake la usalama papo hapo mkononi mwa muuguzi, haingojwi hadi ifike jalalani. Wauguzi wetu wamelizoea jambo hilo. Wakulima na wauza dawa wanaweza vilevile.

Na kwenu wachimbaji wadogo wa dhahabu wa upande wa Handeni, kule Magambazi, zebaki yenu iko katika fungu hili hili. Msiichomee jikoni. Mvuke wake hauonekani, na ukiisha kuingia kwenye mapafu ya mke wako na mwanao, hakuna kichujio cha kuurudisha.

Nimalizie na Old Korogwe, kwa sababu mji unakua na viwanja vinapimwa. Mtu anayechimba msingi leo hajui kwamba hatua 20 kutoka hapo palisimama ghala la dawa wakati baba yake akiwa mtoto. Hajui kwa nini pale majani yanaota kwa kusitasita. Anachimba, anafyatua tofali kwa udongo uleule, anafuga kuku. Naomba mamlaka, yaani Halmashauri ya Mji pamoja na wasimamizi wa mazingira wa taifa, wafanye haya kabla ramani nyingine ya viwanja haijagongwa muhuri: kila mahali palipokuwa na ghala la dawa, liwe la afya, la kilimo au la shamba la mkonge, paandikwe, udongo upimwe, penye sumu pawekewe uzio na kibao cha Kiswahili kinachosomeka, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa mtaa mbele ya wananchi.

Maabara itahitaji fedha na muda. Lakini kuna sehemu moja isiyongoja. Wapo wazee wetu waliofanya kazi ya kupuliza dawa majumbani, wapo waliokuwa walinzi wa maghala, wapo makuli waliopakua mapipa. Wanakumbuka lilipokuwa ghala, mlango wake ulitazama wapi, na mabaki yalifukiwa upande gani wa mti upi. Wengi wao wamepita miaka 70. Mtendaji wa mtaa na afisa afya wanaweza kuanza Jumatatu, na daftari mkononi, nyumba kwa nyumba, wakiwauliza wazee hao walipofukia.